Jinsi ya kuchora na kusoma grafu ya methani ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, mwaka hadi mwaka

Wadau, kuna swali linajirudia sana kwa watu wanaoandaa ripoti za tabianchi: nchi imefyeka misitu miaka yote lakini kwenye grafu mstari wake wa methani (gesi inayopasha dunia joto) ya ardhi umelala tu, alafu ghafla mwaka mmoja unaruka juu kinoma na mwaka unaofuata unashuka tena, data imeharibika au? Mara nyingi data iko poa. Ila ile grafu haipimi ufyekaji kama watu wanavyodhani, inapima hasa moto. Ukilishika hilo kazi yote inakuwa nyepesi, kwaiyo fungua Excel au programu yoyote ya majedwali twende.

Hatua ya 1: jua gesi inatokea wapi

Mti ukikatwa ukaachwa uoze juu ya ardhi kavu, kaboni yake karibu yote inatoka kama kaboni dayoksaidi. Methani inatoka sanasana kwenye moto unaofukuta bila hewa ya kutosha, ule wa moshi mzito na miali hakuna, au pale maji yanapofunika ardhi na vijidudu visivyohitaji oksijeni vikapata nafasi ya kula mabaki ya mimea. Ndo maana kwenye kundi hili la mabadiliko ya matumizi ya ardhi (msitu ukigeuzwa shamba, kinamasi kikikaushwa) utakutana na moto wa kusafisha msitu na moto wa udongo wa peti (ule mweusi wa kinamasi uliojaa mimea isiyooza ikaisha), na kwa hesabu za nchi zilizojipanga vizuri, mabwawa mapya na mifereji ya kukaushia vinamasi pia. Mpunga na ng'ombe hawamo humu, hao wako kwenye kilimo.

Hatua ya 2: shusha data

Ingia FAOSTAT (tovuti ya takwimu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), tafuta sehemu ya gesijoto, chagua nchi yako, gesi CH4 (ndo methani), kundi la mabadiliko ya matumizi ya ardhi, miaka kuanzia 1990, shusha faili la CSV. Usifute kolamu ya alama, ile inayokwambia kama namba ni takwimu rasmi au makadirio, utaihitaji baadae. Nchi nyingi zina pia ripoti zao UNFCCC (mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa), ila chagua chanzo kimoja kwa mstari mmoja, usichukue miaka ya mwanzo huku na ya mwisho kule ukaunga, maana mipaka ya makundi haifanani: moto wa savana kwa mfano kuna sehemu unahesabiwa kilimo na sehemu nyingine unahesabiwa ardhi. Ukiunga hivyo utapata "ongezeko" ambalo halipo duniani.

Hatua ya 3: nyoosha vipimo

Hapa ndo watu wengi wanaumia. FAOSTAT inatoa kilotani za methani yenyewe, sehemu nyingine unapewa tani za kaboni dayoksaidi linganishi (yaani kaboni dayoksaidi ambayo ingepasha joto sawa na hiyo methani), na data za kisayansi za moto wakati mwingine zinahesabu kaboni iliyo ndani ya methani tu, hiyo unazidisha kwa 16/12 kwanza. Alafu kuna kizidishio cha kupasha joto kwa miaka 100, yaani tani moja ya methani inapasha sawa na tani ngapi za kaboni dayoksaidi, ambacho IPCC (jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa) imekibadilisha kila toleo: 21 kwenye ripoti ya pili, 25 ya nne, 28 ya tano, na ya sita ikaweka 27 kwa methani isiyotokana na mafuta ya kisukuku. Chini ya Mkataba wa Paris nchi zinaripoti kwa vizidishio vya ripoti ya tano, yaani 28. Sasa fikiria jedwali la zamani la 21 ukalilinganisha na jipya la 28: umeongeza theluthi moja nzima na hakuna hata kijiti kimoja cha ziada kilichoungua. Ushauri wangu chora tani za methani yenyewe, ugeuze mwishoni kama bosi anataka.

Hatua ya 4: pima kwa mkono mwaka mmoja

Usiamini namba usiyoweza kuikaribia mwenyewe. Fomula ya miongozo ya IPCC ya 2006 ni rahisi: hekta zilizoungua × tani za mimea mikavu kwa hekta × sehemu inayoungua kweli × gramu za methani kwa kila kilo iliyoungua, gawanya kwa 1,000, unapata tani. Msitu wa asili wa kitropiki sehemu inayoungua ni 0.36 na gramu ni 6.8. Tuseme, kwa mfano tu, zimeungua hekta 10,000 zenye tani 200 kila moja: mimea iliyoungua ni tani 720,000, methani tani 4,896. Kwa 28 hiyo ni tani 137,088 linganishi, kwa 21 ni 102,816, moto ni ule ule!

Peti ina vigezo vyake, nyongeza ya vinamasi ya IPCC ya 2013 inaweka gramu 21 kwa peti ya kitropiki, mara tatu ya msitu, na inafukuta chini kwa chini wiki kadhaa. Nchi yenye peti iliyokaushwa ikipata ukame, grafu yake lazima iruke, angalia Indonesia 1997 na 2015, miaka yote miwili ya El Niño kali (joto la bahari ya Pasifiki linaloleta ukame kule).

Hatua ya 5: chora, alafu weka alama pale kipimo kilipobadilika

Tumia nguzo za kila mwaka, juu yake mstari wa wastani wa miaka mitano. Ramani za maeneo yaliyoungua za MODIS (kifaa cha kupiga picha kwenye setilaiti za NASA) zinaanza mwishoni mwa 2000, kwaiyo miaka ya 90 irudie kuiangalia kwenye ile kolamu ya alama na maelezo ya mbinu, ukiona namba zinafanana mwaka hadi mwaka ujue zimejazwa kwa wastani, zipake rangi hafifu. Pia kila chembe ya ramani hizo ina upana wa kama mita 500, moto mdogo wa mkulima mmoja mmoja unapita bila kuonekana, kwaiyo nchi ya mashamba madogo inaweza kuonekana safi kuliko ilivyo.

Hatua ya 6: isome

Usitoe asilimia kati ya mwaka wa kwanza na wa mwisho. Kwa nchi kama Indonesia, 2015 ya moto mkubwa ikiwa ndo mwanzo wako utasifia serikali bure, na ukianzia mwaka wa mvua nyingi utailaumu bure. Linganisha wastani wa muongo na muongo, na pembeni weka grafu ya hekta za msitu uliopotea: misitu ikipungua huku methani imetulia, huenda wanakata bila kuchoma, na hapo kaboni dayoksaidi ndo ya kuifuatilia.