Kabla ya programu, uza kwa daftari

Vijana wengi wanaoniletea wazo la kampuni changa huwa tayari wanamtafuta fundi wa kuwatengenezea programu ya simu. Huwaambia wasubiri kwanza. Tuchukue huduma ya kuwapelekea mama lishe wa Dar es Salaam nyanya na vitunguu kutoka soko la Mabibo. Daftari, WhatsApp na bodaboda unayemwamini vinatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Uliza yaliyokwisha kutokea

Nenda saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakishapungua. Ukifika saa saba utafukuzwa, na ni haki yao. Amkia, kaa, agiza hata chai. Usiulize, "Mama, nikikuletea nyanya utanunua?" Atajibu, "Wazo zuri sana, mwanangu," maana hataki kukuvunja moyo. Uliza, "Jana nyanya ulinunua wapi? Sado shilingi ngapi? Nani alizifuata?" Kama anamlipa kijana amfuatie mzigo alfajiri, tatizo lipo na tayari analitolea hela. Kama muuzaji wa jirani humkopesha hadi jioni, mshindani wako ni mkopo, na bodaboda hata akiruka hatakusaidia.

Hatua ya 2: Omba malipo ya awali

Hata nusu. Anayetoa ni mteja. Anayesema "nitakupigia" mshukuru, uende kwa mwingine. Aibu ya kuomba hela imeua biashara nyingi kuliko uhaba wa mtaji. Hayo ni maoni yangu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya oda moja

Tuseme umeuza mzigo wa 40,000. Sokoni umelipa 33,000, bodaboda 4,000, nyanya zilizopondeka 1,500, makato na vocha 1,000. Umebaki na 500, na wewe mwenyewe hujajilipa. Ukiongeza wateja wa namna hiyo, unaongeza uchovu tu.

Sasa tafuta mama lishe watatu wa barabara moja, bodaboda awapitie wote kwa 6,000. Kila oda inabeba 2,000 ya usafiri badala ya 4,000, na inakuachia 2,500. Safari moja, 7,500. Kwa hiyo usikimbilie mteja wa Mbagala kwa sababu tu amekupigia, wakati mtaa wa Manzese bado hujaumaliza.

Hatua ya 4: Fuata wanachofanya wateja

Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, mwaka 2005, yalilenga wakopaji wadogo warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Nawe, mama wa kwanza akiomba mkaa, andika. Wa tatu akiomba, peleka gunia moja uone. Programu ngojea hadi oda zianze kupotea kwenye WhatsApp.

Hatua ya 5: Andikishaneni mapema

Kama mko wawili, wekeni kwenye karatasi nani ana hisa ngapi, nani anafanya nini, na akiondoka mmoja itakuwaje. Fanyeni hivyo kabla hela haijaingia. Usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, unafanyika mtandaoni.

Hela ya mauzo iwe na laini yake ya simu. Mdogo wako akihitaji ada ya shule, jilipe mshahara kwanza, uandike kwenye daftari, ndipo umtumie kutoka laini yako binafsi.