Paris hadi Saint-Jean-Pied-de-Port kwa baiskeli: mwongozo kwa hujaji anayesafiri peke yake

Mtu wa kwetu anayeishi ughaibuni akisikia habari za hija ya Mtakatifu Yakobo, inayoishia Santiago de Compostela, hufikiria Hispania, fimbo, na malengelenge ya miguuni. Wachache wanajua kwamba njia zake huanza mbali zaidi kaskazini, na kwamba upande wa Ufaransa unapitika vizuri kwa baiskeli. Mwongozo huu ni wa anayetaka kwenda peke yake kutoka Paris, kupitia Orléans, Tours, Poitiers na Bordeaux, hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pireneo. Ni takriban kilomita 1,000. Ukienda kilomita 60 au 70 kwa siku na kupumzika mara mbili tatu, tenga kama siku 18.

Niseme mapema kwamba miguu si tatizo. Anayeendesha baiskeli kwenda kazini atakuwa ameshaizoea safari siku ya nne. Kinachowaangusha wengi ni karatasi, saa za maduka, na kuingia kijijini jioni bila kumpigia mtu simu. Huko ndiko nitakakokaa zaidi kuliko kwenye gia na matairi.

Kwa nini njia hii

Mwongozo wa mahujaji wa karne ya 12 unataja njia nne kuu za Ufaransa, na UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1998. Inayosifiwa zaidi leo ni ile ya Le Puy-en-Velay, na kwa mwenda kwa miguu sina ubishi. Kwa baiskeli yenye mizigo, kupanda uwanda wa Aubrac, unaopita mita 1,300, ni adhabu ya kujitafutia. Njia ya Tours, ndiyo hii yetu, ni tambarare kwa sehemu kubwa, na vipande vyake virefu hukutana na EuroVelo 3, njia ya baiskeli ya Ulaya ambayo Wafaransa huiita La Scandibérique.

Kwetu sisi kuna sababu nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walitoka kwenye shirika lenye nyumba yake kongwe rue Lhomond, Paris, hatua chache kutoka rue Saint-Jacques, barabara ya kale ya mahujaji. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, alizaliwa Bayonne mwaka 1825, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka mwisho wa safari. Aliyebatizwa Bagamoyo au Morogoro, na aliyebatizwa Tabora, Bukoba au Masaka, wote wana ukoo wa imani kwenye ncha mbili za njia hii. Wewe si Mkristo? Njiani huulizwi dini, na wengi wanaopita hapo hawana hata moja.

Karatasi kabla ya baiskeli

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza, Oman au Dubai. Anayeishi Uingereza au Ghuba anaomba viza hukohuko anakoishi kihalali. Mwenye kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uswidi, hahitaji viza nyingine; abebe pasipoti na kibali, na asizidishe siku 90 ndani ya siku 180.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na ombi hupelekwa si mapema kuliko miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Shida ya mwendesha baiskeli ni ithibati ya malazi, kwa sababu ofisa anataka kuona utalala wapi, na wewe hujui upepo utakufikisha wapi. Andika ratiba ya siku kwa siku yenye majina ya miji na kilomita, kisha weka nafasi za kweli mahali panapokubali kubadilisha tarehe. Ukipokelewa na ndugu au rafiki aishiye Ufaransa, yeye ndiye anayekwenda mairie, yaani ofisi ya mji wake, kuchukua hati iitwayo attestation d'accueil. Aanze mapema, si kila ofisi huitoa siku hiyohiyo.

Njiani tembea na pasipoti halisi, mwilini, si kwenye mkoba wa baiskeli. Polisi au jandarme akikusimamisha ana haki ya kuona hati za mgeni, na nakala iliyo kwenye simu haitoshi. Mwafrika peke yake juu ya baiskeli iliyosheheni mizigo, kwenye barabara ya mashamba, hutazamwa. Mara nyingi ni udadisi tu. Mara nyingine sivyo. Salamu, pasipoti, na hati ya hujaji yenye mihuri (nitaieleza hapa chini) humaliza mazungumzo haraka kuliko maelezo marefu. Na usishtuke kambini wakikupa fomu ya polisi ujaze, kwani wageni wote wa kigeni huijaza.

Hati ya hujaji, créanciale au credencial, hupatikana kwa Kanisa na kwa vyama vya marafiki wa Mtakatifu Yakobo. Hupigwa muhuri makanisani, mairie, ofisi za utalii na kwenye nyumba za kulala, na baadhi ya nyumba hizo hazimpokei asiye nayo. Cheti cha Compostela ni jambo jingine. Hutolewa Santiago kwa aliyeendesha angalau kilomita 200 za mwisho, ambazo ziko Hispania.

Barabara yenyewe

Paris, safari huanzia kwenye Mnara wa Saint-Jacques, mabaki pekee ya kanisa lililobomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Piga picha, piga ishara ya msalaba kama ni desturi yako, halafu panda treni hadi Étampes au Orléans. Watakaokuambia hiyo ni kudanganya waache wapambane na malori ya viunga vya Paris. Aliyepitia nchi ya Beauce kati ya Étampes na Orléans atakumbuka ngano pande zote, upepo, na kutokuwepo kwa mti wa kujificha jua.

Kutoka Orléans hadi Tours unafuata mto Loire, na hapo ndipo pazuri pa kuanzia kwa mwenye siku chache. Njia ina alama na ni laini, vijiji viko karibukaribu, na mafundi baiskeli wapo. Tours kuna kaburi la Mtakatifu Martino, yule askari aliyekata joho lake nusu akampa maskini, kwenye kripta, yaani chumba cha chini ya basilika.

Baada ya Poitiers alama zinapungua na watu wanapungua. Hapo ramani ya simu iwe imeshapakuliwa, maana mtandao hukatika. Usikose Aulnay. Ndani ya kanisa la Saint-Pierre, la karne ya 12, juu ya nguzo moja kuna tembo waliochongwa kwenye jiwe, na maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba hawa ni tembo. Tazama masikio na miguu yao, nawe uliyewaona Amboseli au Mikumi uamue kama fundi yule aliwahi kumwona tembo hata mmoja. Mimi nina jibu langu. Mbele, Pons, barabara inapita chini ya tao la hospitali ya mahujaji iliyosimama tangu karne hiyohiyo.

Blaye unavuka mlango wa mto Gironde kwa kivuko hadi Lamarque, kama nusu saa majini, halafu unateremka katikati ya mizabibu hadi Bordeaux. Angalia ratiba ya kivuko siku moja kabla.

Kusini ya Bordeaux ni Landes, misonobari tu. Yule mwandishi wa karne ya 12 aliilaani nchi hii kwa mchanga na nzi wake. Misonobari ilipandwa kwa wingi karne ya 19 ili kukausha ardhi yake yenye majimaji. Leo hatari yake ni moto. Mwaka 2022 ziliungua zaidi ya hekta 20,000 za misitu ya wilaya ya Gironde, na wakati wa joto kali wilaya huweza kufunga njia za msituni. Usiwashe jiko la kambi humo hata kama huoni mtu. Kuanzia Septemba kuna wawindaji pia, hasa Jumapili, kwa hiyo vaa kizibao cha rangi kali mchana kutwa. Baada ya Dax na Sorde-l'Abbaye vinaanza vilima vya Wabaski, wenyeji wa mpakani na Hispania. Havina urefu, ila havina huruma.

Saa, chakula na maji

Kijiji cha Ufaransa hufunga saa 6 mchana na kufungua saa 8 au 9. Jumapili mchana hakuna duka, Jumatatu nusu ya maduka yamefungwa, na mwezi Mei una sikukuu mfululizo. Nunua mkate na jibini asubuhi kabla ya kupanda baiskeli, na uwe daima na chakula cha mlo mmoja wa ziada. Mkahawani, chakula cha siku kiitwacho plat du jour huisha mapema. Ukifika saa 8 mchana utapewa kahawa na pole.

Kwa Mwislamu, kibanda cha kebabu chenye nyama halali hupatikana mijini, si vijijini. Vipande vidogo vya nguruwe hujificha ndani ya kishi (pai la mayai), saladi na hata supu, kwa hiyo sema "sans porc" kabla ya kuagiza. Samaki, mayai na jibini vitakuvusha.

Maji utayapata makaburini. Karibu makaburi ya kila kijiji yana bomba, na waendesha baiskeli wote hujaza chupa hapo bila mtu kuuliza. Ukiona kibao cha "eau non potable", hayo si ya kunywa.

Popote unapoingia, "bonjour madame" au "bonjour monsieur" itangulie, swali lifuate. Uliyelelewa mahali ambapo mtu hatoi shida yake kabla ya salamu, hapa umeshapata nusu ya Kifaransa unachohitaji.

Pa kulala

Nyumba za mahujaji (gîte) hutoza kama euro 15 hadi 25 kwa kitanda cha chumba cha pamoja, na chache hukuachia utoe ulicho nacho. Kambi za manispaa ni rahisi zaidi na huwa na bafu la maji moto. Warmshowers ni mtandao wa waendesha baiskeli wanaopokeana majumbani bure. Jiunge wiki kadhaa kabla na ujaze wasifu wako vizuri, maana mwenyeji anausoma kabla ya kukujibu. Baadaye nawe upokee wengine.

Piga simu kabla ya saa 11 jioni, useme utafika saa ngapi. Njia ya Tours haina umati wa Le Puy, na mwenye nyumba anaweza kuwa amefunga na kwenda kwa wajukuu kwa kuwa hakumtarajia mtu. Ukikwama kabisa, nenda mairie kabla haijafungwa. Wanamjua mwenye ufunguo wa kila mlango. Kupiga hema porini kuna makatazo mengi, na bila ruhusa ya mwenye shamba usithubutu.

Dada anayesafiri peke yake, nakushauri gîte au chumba cha nyumba ya mtu kwa usiku wa kwanza hadi ujue njia inavyokwenda, na mtu mmoja nyumbani aone ulipo kwenye simu wakati wote.

Baiskeli na sheria

Usinunue baiskeli mpya. Tairi za upana wa milimita 35 hadi 40, keria imara nyuma, mizigo isizidi kilo 15, tyubu mbili, viraka, pampu, na kiungo cha kuungia cheni. Chagua Mei, Juni au Septemba. Jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti.

Sheria inataka taa mbele na nyuma, viakisi mwanga, breki mbili na kengele. Nje ya mji usiku, kizibao cha kuakisi ni lazima. Vipokea sauti masikioni ni faini ya euro 135. Kofia ngumu hailazimishwi kwa mtu mzima. Vaa hivyo hivyo. Hatari kubwa kwetu tuliozoea kushoto huja asubuhi, barabara ikiwa tupu, au unapoondoka baada ya mapumziko. Mwili unarudi kushoto wenyewe. Na ndani ya vijiji, pasipokuwa na kibao, gari linalotoka kulia hupita kwanza, hata likitoka kwenye kichochoro. Dharura ni 112.

Kurudi

Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port kuna treni chache kwa siku kwenda Bayonne, na baiskeli hupanda. Ukiwa na saa mbili Bayonne, sanamu ya Lavigerie iko karibu na mahali mto Nive unapoingia Adour. Treni ya kasi ya kwenda Paris hudai baiskeli ikatiwe nafasi yake, au ifunguliwe na kuwekwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Nafasi za baiskeli huisha kabla ya viti vya abiria, kwa hiyo ikate ukiwa Dax, utakapokuwa umeshajua miguu yako inafika lini.