Jinsi ya Kujua Pikapu Yako Inakula Mafuta Kiasi Gani Hasa Kutoka Mombasa hadi Nairobi na Kurudi

Mfanyabiashara anayepeleka nazi Nairobi na kurudi soko la Kongowea, Mombasa, na viazi huijua bei ya kununulia na ya kuuzia hadi shilingi ya mwisho. Akiulizwa pikapu yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, mara nyingi hutaja nambari aliyopewa na muuzaji wa gari, au aliyoiona siku moja kwenye dashibodi. Nambari hizo hazifai kupangia safari ya takriban kilomita 480, na anayezitegemea hupoteza faida yake njiani bila kujua imepotelea wapi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata nambari ya kweli ya pikapu yako, ikiwa na mzigo wako na dereva wako, na namna ya kuipandisha bila kununua kifaa chochote.

Nambari ya kiwandani hupimwa maabara, gari likiwa limefungwa juu ya roli zinazozunguka. Jaribio la Ulaya lililotumika kwa miaka mingi, NEDC, lilichukua takriban dakika 20 kwa wastani wa mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa. Lile lililoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2017, WLTP, huchukua dakika 30 na hufika kilomita 131 kwa saa. Ni vipimo vya haki kwa kulinganisha gari moja na jingine, na kwa kazi hiyo sina neno navyo. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kinachopanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, kikiwa na magunia nyuma na msururu wa malori ya makontena mbele. Ukisoma maelezo yanayotaja maili kwa galoni, angalia kwanza ni galoni ya nani, kwa kuwa ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546. Maili 30 kwa galoni ni kilomita 12.8 kwa lita kwa hesabu ya Marekani, lakini ni 10.6 tu kwa hesabu ya Uingereza.

Kupima tangi kwa tangi

Njia inayoaminika ni ya zamani: unajaza tangi, unasafiri, unajaza tena, kisha unagawanya kilomita kwa lita. Ugumu wake uko katika kujaza, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Simamisha pikapu mahali palipo sawa, wala si penye mteremko, kisha mwombe mhudumu ajaze taratibu hadi pampu ijikate yenyewe. Dizeli hutoa povu inapomiminwa kwa kasi, na povu hilo huifanya pampu ijikate mapema wakati tangi bado lina nafasi ya lita kadhaa. Kwa hiyo subiri dakika mbili povu litulie, mwambie aendelee polepole hadi ijikate tena, kisha muachie hapo hapo. Usikubali aongeze kidogo ili shilingi zitimie mia kamili, kwa sababu nyongeza hiyo ya kukadiria hutaweza kuirudia vile vile siku ya kumaliza. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri, piga picha ya dashibodi, na uweke risiti.

Ukiongeza mafuta njiani, si lazima ujaze tangi. Weka risiti tu. Kinachotakiwa kuwa sawa ni kujaza kwa kwanza na kwa mwisho, ikiwezekana katika kituo kile kile, kwenye pampu ile ile, gari likielekea upande ule ule. Tuseme umetoka Mombasa na tangi limejaa, ukajaza tena Nairobi lita 45 baada ya kilomita 470, na uliporudi Mombasa likaingia lita 40 kwa kilomita 470 nyingine. Kwenda umepata kilomita 10.4 kwa lita, na kurudi 11.8. Nambari ya safari nzima ni kilomita 940 kugawanya kwa lita 85, yaani 11.1. Wanaopenda hesabu ya lita kwa kilomita 100 wagawanye 100 kwa 11.1, nao watapata lita 9.

Hapo utakuwa umebakiza jambo moja, nalo ni matairi. Ikiwa pikapu ilitoka na matairi ya 265/65R17 nawe ukaivisha 265/70R17, kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 3.4, ilhali mita haijui. Mita ikisoma 470, umesafiri takriban 486. Mwenye gari kama hilo hulalamika kwamba linakula mafuta kuliko linavyokula kweli. Tairi lililolika hukosesha upande wa pili. Washa ramani ya simu, linganisha umbali wake na mita kwa kilomita 50 au zaidi, kisha utumie tofauti hiyo kusahihisha hesabu zako zote.

Kwa nini upime kwenda na kurudi

Anayepima upande mmoja tu hujidanganya. Kuipandisha pikapu ya tani 2.5, mzigo ukiwamo, kwa mita 1,600 kunahitaji nishati ya takriban megajuli 39. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, lakini injini huweza kugeuza kiasi cha theluthi yake tu kuwa kazi ya kuisogeza gari. Kwa hiyo mpando peke yake unakula lita 3 na kidogo, hata ukiendesha kwa ustadi wa namna gani. Kila tani ya ziada huongeza lita 1.3 kwa mpando huo, na msuguano wa matairi kwa kilomita zote hizo huongeza kiasi kikubwa zaidi ya hicho. Ndiyo maana ni muhimu kuandika pembeni ya hesabu ulibeba nini upande gani: kwenda na mzigo na kurudi mtupu si sawa na kinyume chake.

Mpando wenyewe haukugawanyika sawasawa. Ukifika Mtito Andei umemaliza takriban nusu ya njia, lakini bado uko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya kupanda inakungoja baada ya Makindu, Emali na Sultan Hamud, hasa kwenye vilima vya Salama. Dereva anayetazama geji Mtito Andei, akaona nusu ya makadirio yake ndiyo iliyokwenda, asijipe moyo kwamba nusu nyingine itatosha.

Kuna pia upepo, ambao watu wa pwani wanaujua vizuri kuliko wengine ila hawauingizi katika hesabu ya mafuta. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, nayo barabara ya Nairobi inaelekea kaskazini-magharibi. Miezi hiyo upepo hukusukuma mgongoni ukipanda na kukupinga usoni ukirudi. Kwa upepo wa kilomita 20 kwa saa, pikapu inayokwenda 90 hukutana na hewa kama inayokwenda 70 wakati wa kupanda, na kama inayokwenda 110 wakati wa kurudi. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hupiga ubavuni. Basi usilinganishe safari ya Julai na ya Januari ukadhani tofauti yote imetokana na injini.

Mwendo kwanza, mengine baadaye

Katika yote yaliyo mikononi mwa dereva, mwendo ndio wenye uzito mkubwa kabisa. Nguvu ya hewa inayolipinga gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu, na ukifika 110 unakaribia kuwa maradufu. Pikapu ina uso mpana na nyuma iliyokatika ghafla, kwa hiyo huadhibiwa kuliko gari dogo. Ushauri wangu ni kushika kati ya 80 na 90 kwenye gia ya juu kabisa, injini za turbo za dizeli zikizunguka mara 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, na kuridhika hapo. Katika barabara hii, anayekimbia 110 hukutwa tena na mwenzake nyuma ya lori lile lile kabla ya Voi.

Gharama nyingine ni ya kuongeza na kupunguza mwendo. Kila mara unapotoka 60 hadi 90 ili kulipita lori, pikapu ya tani 2.5 hula takriban mililita 36 za dizeli kwa kupata ule mwendo tu, na breki ya matuta yanayofuata huzigeuza kuwa joto. Fanya hivyo mara 60 kati ya Mariakani na Athi River, umekwisha poteza zaidi ya lita 2. Acha nafasi ya kutosha mbele yako, na unapoona matuta au mji mdogo kwa mbali, ondoa mguu mapema. Gari libaki ndani ya gia. Injini za kisasa zinazopuliza mafuta kwa kompyuta huyakata kabisa pale gari linapoteremka huku mguu uko juu, lakini ukitia nyutro injini hulazimika kunywa ili isizime. Juu ya hayo, kuteremka Salama au Mazeras kwa nyutro ukiwa na mzigo kunaziachia breki kazi yote, na jambo hilo limekwisha gharimu maisha ya watu. Sioni sababu yoyote ya kulifanya.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kutoka, yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho kwa kawaida hutaja presha ya juu zaidi kwa matairi ya nyuma pikapu inapobeba mzigo. Kila PSI 1 (kipimo cha presha ya upepo) iliyopungua katika matairi yote hupunguza umbali kwa lita kwa takriban asilimia 0.2. Inaonekana ndogo, ila matairi yaliyokosa PSI 10 yamekula asilimia 2, na huwaka joto kwenye lami ya mchana hadi yakapasuka. Yakiwa yamekimbia, presha hupanda yenyewe. Usiyatoe upepo kwa kudhani yamezidi.

Mzigo upangwe usizidi kimo cha kebini, ukiweza, na turubai lifungwe likaze, kwa sababu linalopigapiga linavuta hewa njia nzima. Keria isiyo na kazi ishushwe. Mlango wa nyuma wa bodi uachwe umefungwa: hewa hujizungusha ndani ya bodi na kuifanya inayopita juu iteleze, kwa hiyo kuufungua kwa nia ya kupunguza upinzani hakuleti faida inayodhaniwa. Kwa pikapu ya 4x4, ekseli ya mbele isihusishwe kwenye lami kavu. Kiyoyozi kitumike barabarani na madirisha yafungwe. Mjini, kwa mwendo mdogo, fungua madirisha ikiwa joto la Mombasa linavumilika. Kwenye foleni ya Changamwe au ya feri ya Likoni, zima injini, maana dizeli ya ukubwa huu hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama tu.

Kupanga tangi na kuisoma nambari inaposhuka

Pikapu nyingi za dizeli za lita 2.4 hadi 3.0 huleta kati ya kilomita 9 na 13 kwa lita kwenye safari ndefu. Petroli ya lita 2.7 hukaa chini ya hapo, na Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2 isiyo na turbo, huwa chini zaidi. Hiyo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyopungua uzito huko juu. Tangi la lita 80 kwa kilomita 11 ni kilomita 880, kwa hiyo halimalizi safari ya kwenda na kurudi. Bei zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi huwa chini Mombasa kuliko Nairobi, kwa sababu mafuta hushukia bandarini hapa. Jaza Mombasa, ongeza huko juu lita zinazokosekana tu pamoja na akiba ya lita 10, na usibebe petroli kwenye madumu ndani ya kebini.

Ukiwa na hesabu za safari chache, badilisha jambo moja kwa wakati ili ujue lipi limesaidia. Nambari ikishuka ghafla kwa kilomita moja au zaidi kwa lita, na mzigo, mwendo na upepo ni vile vile, tafuta kwenye gari. Anza na filta ya hewa, ambayo vumbi la nyika ya Taru huiziba haraka. Kisha, baada ya kusimama kwa utaratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu linalotoa joto kuliko wenzake lina breki inayoshika au beringi inayokufa. Moshi mweusi unaozidi wakati wa kupanda huelekeza kwenye hewa isiyotosha au nozeli zinazovuja. Mpelekee fundi kitabu chako cha kilomita na lita pamoja na gari, umwonyeshe safari ambayo nambari ilianza kushuka na mzigo uliokuwa umebeba siku hiyo.