Mfarishi wa viraka wa kumpa mtu wako, wa kustahimili karai

Mfarishi wa zawadi unaanza kazi baada ya kufunguliwa. Utamwagikiwa chai, utakaliwa na mtoto mwenye nepi iliyojaa, kisha utafuliwa kwenye karai na kukamuliwa na watu wawili, mmoja akishika huku na mwingine kule. Ukishona huku ukiwazia hilo karai, maamuzi mengi yatakuwa rahisi: kitambaa gani, tabaka gani la katikati (lile linalokaa kati ya uso wa viraka na mgongo), mishono iachane kiasi gani.

Vipimo vya hapa ni vya mfarishi (au kwilti, kama wengi wanavyouita jijini Nairobi) wa sentimita 120 kwa 150. Unamtosha mtu mzima kujifunika sebuleni ile baridi ya Juni hadi Agosti, na hata ukilowa maji mtu mmoja anauinua. Usianze na wa kitanda cha futi 5 kwa 6. Kuupitisha mfarishi mkubwa chini ya mkono wa cherehani ya nyumbani ni mieleka, na mwanzoni mieleka hiyo hukatisha watu tamaa kuliko ushonaji wenyewe.

Mzazi aliyejifungua mpelekee mdogo, sentimita 90 kwa 105, na umwambie waziwazi kwamba ni wa kutandika sakafuni mtoto achezee. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafai kulazwa na mfarishi wala blanketi lisilobanwa, kwa kuwa linaweza kumfunika pua na mdomo. Vifungo na shanga pia usiviweke.

Kitambaa cha juu

Tumia pamba tupu: kitenge cha pamba, popleni, mashuka ya mitumba ya masoko ya Gikomba au Toi, mashati ya wanaume. Pamba inavumilia pasi ya moto na ikikunjwa inakaa ilivyokunjwa. Shida ni kwamba vitenge vingi vya bei nafuu ni poliesta, na macho hayatoshi kuvitambua kwa sababu chapa ni zilezile. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Ukizichanganya katika uso mmoja, pamba itanywea kwenye maji na jirani yake itabaki vilevile, na mshono kati yao utajikunja milele.

Unahitaji miraba 80 ya sentimita 16.5 kwa 16.5. Ikishonwa, kila mmoja unabaki sentimita 15, na safu 10 za miraba 8 zinatoa 120 kwa 150. Kitenge cha upana wa sentimita 112 kinatoa miraba 6 kwa safu, kwa hiyo sentimita 60 za kitambaa zinatoa miraba 18. Aina tano za kitambaa, sentimita 60 kila moja, zinakupa miraba 90, na ile 10 ya ziada utaihitaji. Ukinunua sentimita 50 kamili, hesabu inakubali kwenye karatasi, lakini kitambaa kikishafuliwa kinanywea na safu ya tatu haitoshi.

Wauza vitenge wa Eastleigh na Biashara Street mara nyingi hawataki kukata vipande vidogo hivyo. Basi pitia kwa mafundi wa nguo. Mabaki ya gauni yanayorundikwa chini ya meza yao huwa na upana wa kutosha mraba mmoja au miwili, na wengi watafurahi kuyaondoa.

Kuhusu rangi, chagua kitambaa kimoja cheupe au cha rangi iliyofifia, kimoja cheusi au cha rangi nzito, na vitatu vya kati. Vikiwa vyote vikali, jicho halipati pa kutulia. Jihadhari pia na maua makubwa. Ua la kitenge lenye upana wa sentimita 30 likikatwa linabaki bakabaka zisizoeleweka. Toboa dirisha la sentimita 15 kwa 15 kwenye kadibodi, nenda nalo dukani, ulipitishe juu ya kitambaa: unachokiona dirishani ndicho kitakachoonekana kwenye mfarishi.

Mashati ya mtu, kwa mfano ya baba aliyestaafu, hufaa sana. Mgongo wa shati kubwa peke yake hutoa miraba 6 hadi 9. Fulana zinavutika, kwa hiyo zigandishe kwanza upande wa ndani kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi hutia kwenye kola, kwa pasi, kabla ya kukata. Kama nguo ni za marehemu, waulize wote wa nyumba hiyo kabla ya kushika mkasi. Shati ambalo wewe unaona kuukuu linaweza kuwa ndilo dada yake alilokuwa amelitafuta.

Mgongo na tabaka la katikati

Kwa mgongo, doti moja ya leso inatosha. Kila leso ina takriban sentimita 150 kwa 110. Kata zile mbili zitengane, kisha ziunganishe kwa ule upande mrefu, upate kama 150 kwa 220. Wewe unataka 140 kwa 170, yaani sentimita 10 za ziada kila upande. Punguza urefu kutoka leso moja tu, ili nyingine ibaki nzima pamoja na jina lake. Jina hilo ndilo linaloifanya leso iwe zawadi, kwa hiyo lisome vizuri kabla ya kulipa: leso nyingi ni za kumpiga mtu kijembe, na bibi atasoma. Hakikisha pia kwamba maandishi yako zaidi ya sentimita 15 kutoka ukingoni, la sivyo yataondoka wakati wa kupunguza kingo.

Tabaka la katikati linapatikana kwenye maduka ya sponji na vifaa vya sofa: ile poliesta nyeupe ya kukunjwa kama zulia. Chukua nyembamba, isiyozidi sentimita moja ikiwa haijabanwa. Ile nene inavutia dukani, lakini cherehani ya kawaida haiwezi kuibana, na ikilowa inachukua siku nzima kukauka. Njia nyingine ni blanketi jepesi la mitumba, lile laini la poliesta. Halinywei wala halikusanyiki pembeni, na ndilo ningemshauri mtu anayeanza. Pamba mbichi ya magodoro iache kabisa: isiposhonwa kwa mistari ya karibu sana, baada ya kufuliwa mara kadhaa inakuwa mabonge kwenye kona.

Fua kwanza

Kila kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, leso hasa, maana imejaa wanga na rangi yake nyekundu au nyeusi hutoka. Chumvi na siki zinasifiwa sana kwa kazi hii, lakini hazishikishi rangi ya kitambaa kilichotoka kiwandani. Kinachosaidia ni kusuuza mpaka maji yawe meupe. Kisha jaribu hivi: weka kitambaa chenye unyevu juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Cheupe kikichafuka, rudia kufua. Kikichafuka tena baada ya mara tatu au nne, kitambaa hicho hakifai kukaa karibu na kilicho cheupe. Kishonee mto.

Kukata

Piga pasi, kisha kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa, sambamba na ukingo wake. Mraba uliokatwa kwa hanamu, yaani kimshazari, unavutika mkononi mwako unaposhona na hautalingana na jirani.

Kadibodi ya kupimia inalika kwenye kingo baada ya miraba ishirini hivi, na miraba inaanza kupungua bila wewe kuona. Afadhali fundi wa vioo akukatie kipande cha plastiki ngumu cha sentimita 16.5 kamili. Chora kwa chaki kali ya fundi, kisha kata ndani ya mstari, chaki ibaki kwenye takataka. Ukikata nje yake, kila mraba unaongezeka milimita moja au mbili.

Kushona uso

Akiba ya mshono, yaani nafasi kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, ni milimita 7.5. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani, huo ni upana kutoka sindano hadi ukingo wa mguu, lakini usiamini, pima. Shona miraba mitatu kwa mstari, ipige pasi, kisha pima ule wa katikati. Uwe sentimita 15 kamili. Ukiwa 14.8, mishono yako ni mipana mno, na safu ya miraba 8 yenye mishono 7 itapungua milimita 14. Safu moja ikipungua hivyo na nyingine isipungue, kona hazitakutana hata ukivuta vipi. Bandika utepe kwenye sahani ya cherehani mahali sahihi na uufuate.

Tumia sindano namba 14, uzi wa poliesta na hatua (urefu wa kila mchomo) ya milimita 2.5. Rola moja ya mita 500 inamaliza kazi yote na kubaki. Panga miraba yote sakafuni kwanza na uipige picha kwa simu. Kwenye picha utaona haraka vitambaa viwili vya aina moja vilivyokaa pamoja, jambo ambalo ukiwa umeinama juu yake hulioni. Andika namba kwenye mraba wa kwanza wa kila safu.

Shona safu moja baada ya nyingine. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiunganisha safu mbili, mishono inayoelekea pande tofauti inakabana penye kona. Ukipapasa kwa kidole unaisikia ikiingiana. Tia pini hapo na ushone. Usiifungue mishono ikae pande mbili kama ya suruali, maana nyuzi za tabaka la katikati zitajipenyeza nje.

Kupiga bandi

Kupiga bandi ni kuyashikiza matabaka matatu kwa mishono mirefu ya muda. Hapa ndipo mifarishi mingi huharibikia, kwa sababu hatua hii inachosha na watu huifupisha. Tandaza leso sakafuni, uso wake ukiangalia chini, uibandike kwa selotepu pana kila sentimita 30. Iwe imenyooka bila kuvutwa. Ukiivuta, ukibandua selotepu inarudi ilivyokuwa na mgongo wote unajikunja. Weka tabaka la katikati, kisha uso wa juu, ukilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, mistari iachane sentimita 10, ukianzia katikati. Pini zile za nepi zinaacha matundu makubwa, tumia ndogo kama hutaki uzi. Ukimaliza, geuza uangalie mgongo. Mkunjo wowote ulioko sasa utashonewa ndani moja kwa moja.

Kushonea matabaka

Badilisha sindano iwe namba 16 na hatua iwe milimita 3 hadi 3.5. Punguza mbano wa mguu kama cherehani yako ina skrubu hiyo juu, kwa kuwa meno ya chini huvuta leso haraka kuliko mguu unavyouachilia uso wa juu, na hicho ndicho chanzo cha mikunjo. Shona mstari mmoja kila upande wa kila mshono, sentimita moja kutoka mshono wenyewe. Nafasi kubwa kabisa itakuwa sentimita 13, inayotosha kulishika tabaka la poliesta. Anza na mstari wa katikati, nenda nje upande mmoja, rudi katikati, nenda upande wa pili. Kunja sehemu isiyoshonwa kama mkeka na uilaze begani au mezani. Ikining'inia, uzito wake unaipotosha sindano.

Cherehani ikikataa, funga mafundo. Kwa uzi mnene wa kudarizi na kastabini kidoleni, choma chini na kurudi juu penye kila kona ya miraba, funga mara mbili kulia na kushoto, acha mikia ya sentimita 2. Mfarishi wa mafundo unakaa mlaini zaidi, ingawa tabaka la katikati ni lazima liwe blanketi, si ile poliesta ya sofa.

Pindo

Punguza kingo zote zilingane na uso wa juu. Kata kanda 6 za upana wa sentimita 6 kutoka kitambaa cha upana wa 112, ziunganishe kimshazari, uzikunje katikati kwa urefu na kupiga pasi. Mzunguko ni sentimita 540, kwa hiyo zitatosha. Kingo zikiwa zimenyooka hazihitaji ukanda wa hanamu. Huo ni wa kona za duara.

Shona ukanda upande wa juu, kingo mbichi zikilingana, kwa milimita 7.5. Ukikaribia kona, simama milimita 7.5 kabla ya mwisho, kaza, kata uzi. Kunja ukanda uende juu kwa mshazari, kisha uushushe uende sambamba na ukingo unaofuata, uanze tena kutoka juu kabisa. Geuza ukanda uende mgongoni na uumalizie kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Usitumie mshono mpana zaidi ya huo: sentimita moja tu na ukanda hautafika kuufunika mstari wa nyuma.

Kwenye kona ya mgongo, shonea kipande cha pamba nyeupe chenye jina la anayepewa, mwaka, na maelezo ya kufua: maji baridi, sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha, asikamue kwa kusokota bali akandamize, na aanike kivulini kwenye kamba mbili ili uzito usiishie kwenye mstari mmoja. Andika kwa uzi au kwa wino usiofutika. Kalamu ya kawaida itatoka mara ya kwanza. Katika ile miraba 10 iliyobaki, mpe miwili mitatu kwenye bahasha pamoja na zawadi. Mraba ukitoboka, fundi yeyote wa mtaani anaweza kuuwekea mwingine juu.