Kuichunguza namba kubwa hatua kwa hatua: mfano wa 2 kipeo cha 67, toa 1

Mwaka 1644 Marin Mersenne aliitaja namba hii kuwa tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Vigawo vyake vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Kompyuta yoyote yenye Python, lugha ya programu, inatosha kurudia kazi yote hiyo.

1. Iandike namba. Achana na Excel: inashika tarakimu 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri bila kukuonya. Katika Python andika:

`n = 2**67 - 1`

Jibu ni 147573952589676412927. Ukiandika `2^67 - 1` utapata 64, kwa sababu alama hiyo si ya kipeo. Ukiandika `2.0**67 - 1`, ile 1 inamezwa na desimali na unabaki na namba shufwa.

2. Hesabu tarakimu. Zidisha 67 kwa logi ya 2 (kwa kizio cha 10): unapata 20.169. Chukua sehemu kamili, ongeza 1: tarakimu 21. Logi yenyewe usiikate mapema. Kwa 2 kipeo cha 136,279,841 toa 1, ambayo ni namba tasa iliyotangazwa mwaka 2024, ukitumia 0.30103 utapata tarakimu 41,024,321. Tumia 0.30102999566, utapata 41,024,320, na hilo ndilo jibu sahihi.

3. Tarakimu mbili za mwisho. `pow(2, 67, 100)`, yaani baki la 2 kipeo cha 67 ikigawanywa kwa 100, inatoa 28. Toa 1: 27.

4. Je, ni tasa? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipimo cha Fermat, `pow(2, n-1, n)`, ambacho kwa namba tasa witiri lazima kitoe 1, hapa kinatoa 1, na ni rahisi kudhani kazi imeisha. Jibu hilo halina maana kwa namba za aina hii. Ukigawanya 2 kipeo cha 67 kwa n, baki ni 1. Na kwa kuwa n−1 inagawanyika kwa 67, 2 kipeo cha n−1 nayo lazima ibakize 1, namba iwe tasa au isiwe. Kwa hiyo msingi wa 2 usiutumie kabisa. Tumia kipimo cha Lucas na Lehmer (s ikiishia 0, namba ni tasa; isipoishia 0, si tasa):

```
s = 4
for i in range(65):
    s = (s*s - 2) % n
print(s == 0)
```

Mizunguko ni 65, yaani kipeo toa 2. Ukizungusha mara 67, hata namba tasa itaonekana si tasa. Alama ya `%`, inayotoa baki la kugawanya, ibaki ndani ya mzunguko. Ukiitoa nje, tarakimu za s zinakaribia kuongezeka maradufu kila mara na kumbukumbu ya kompyuta itajaa kabla hujafika mwisho. Kipeo chenyewe kiwe namba tasa na witiri. Kabla ya kuliamini jibu, jaribu kipeo cha 7: s inapita 14, 67, 42, 111, kisha 0, kwa hiyo 127 ni tasa. Kipeo cha 11 kinaishia 1736, kwa kuwa 2047 ni 23 × 89.

Kwa 67 jibu ni `False`. Kipimo hakisemi vigawo ni vipi.

5. Tafuta vigawo. Usijaribu kila namba. Kila kigawo tasa cha n kina umbo la 134k + 1, ambapo 134 ni 2 × 67.

```
k = 1
while n % (134*k + 1):
    k += 1
```

Inasimama k ikiwa 1,445,580, yaani kigawo 193,707,721. Gawanya n kwa kigawo hicho ukitumia `//` (jibu linabaki namba kamili), si `/` (inatoa desimali), upate kigawo cha pili, 761,838,257,287.

Cha pili hakihitaji kupimwa upya. Kipeuo chake cha pili hakifiki 872,834, na wagombea wote wa chini ya hapo mzunguko umeshawakataa. Vyote viwili ni tasa, kwa hiyo n ina vigawo vinne tu: 1, hivyo viwili, na yenyewe.