Command ya kulia iwe Insert ya NVDA kwenye Mac

NVDA, kisoma skrini cha Windows, hupokea amri zake kwa kushikilia Insert au Caps Lock pamoja na kitufe kingine. Kibodi ya MacBook haina Insert, na Caps Lock haitabiriki ndani ya mashine pepe (Windows inayoendeshwa ndani ya Mac), kwa kuwa macOS huishughulikia kama swichi badala ya kitufe cha kushikilia. Bora utoe mhanga Command ya kulia. Kwenye VMware Fusion, programu ya kuendesha mashine pepe, Windows huiona kama kitufe cha Windows cha kulia.

Ndani ya Windows, fungua SharpKeys, programu ya kubadilisha kazi za vitufe, bonyeza Add. Kushoto chagua Right Windows (E0_5C), kulia Insert (E0_52), halafu Write to Registry. Anzisha Windows upya kabisa: kusitisha mashine na kuirejesha hakutoshi, ramani hiyo ya vitufe husomwa wakati Windows inapowaka tu.

Zima VoiceOver, kisoma skrini cha Mac yenyewe, kwa Command+F5, la sivyo sauti mbili zitagombana. Jaribu Command ya kulia+T; NVDA isome kichwa cha dirisha.