Mzunguko wa Nusu Siku Pentland: Turnhouse, Carnethy na Scald Law

Mzunguko huu, kwenye vilima vya Pentland kusini mwa Edinburgh, Uskoti, una kilomita kama 12, na jumla ya kupanda ni mita 600 hivi. Hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Ukiweka na mapumziko, utatumia saa 4 na nusu. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, basi saa 3 asubuhi uwe umeshaondoka.

Vaa buti zisizopitisha maji. Beba koti la mvua na glavu hata Julai, tochi, maji lita 1, dira na ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000.

1. Kutoka maegesho ya Flotterstone, fuata barabara ya bwawa la Glencorse kwa dakika chache, kisha shika njia ya kushoto inayovuka kijito kwa daraja.

2. Panda Turnhouse Hill (mita 506). Mpando ni mkali na miguu bado haijapata moto. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema.

3. Fuata mgongo wa vilima kuelekea kusini-magharibi, ushuke kidogo, kisha upande Carnethy (mita 573), penye rundo kubwa la mawe la kale. Upepo huja usoni, kwa hiyo vaa koti kabla hujatokeza juu. Usiache njia kukata kona kwenye hetha. Kichaka hiki, jamaa wa erika za Kilimanjaro, hakifiki kiunoni, lakini matawi yake ni magumu na huficha mashimo na mawe: hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka. Pia kuna kupe. Chomekea suruali ndani ya soksi. Maua ya hetha, ya zambarau, hukolea Agosti, na ndio mwezi wa kuja.

4. Shuka kwa uangalifu, mawe huteleza, hadi njia ya Kirk Road inapokatiza. Vuka, upande Scald Law (mita 579), kilele kirefu kuliko vyote Pentland, kisha urudi ulikopitia.

5. Ukifika tena Kirk Road, geuka KUSHOTO, kaskazini-magharibi. Kwenye ukungu wengi hukosea hapa: njia ya kulia nayo inateremka vizuri, ila itakutoa barabara ya A702, mbali na gari lako. Thibitisha kwa dira kabla ya kupiga hatua.

6. Ukifika The Howe, nyumba iliyo bondeni, pinda kulia. Barabara ya lami inapita mabwawa ya Loganlea na Glencorse hadi Flotterstone, kilomita kama 5.